Pasi ya kwanza: niliyowaambia mabinti wa voliboli Tororo

Wengi waliokuwa Tororo, hapa Uganda, Jumamosi tukianza kambi ya voliboli ya mabinti wameniomba haya maneno kwa maandishi, haswa wazazi waliofika nikiwa nishamaliza nusu. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, na sehemu moja mbili nimeongeza kwa sababu jua lilikuwa kali na ilibidi nikate.

Chairman wetu wa kijiji (LC1), walimu, madam wa michezo, wazazi wangu mlioacha biashara na mashamba mkaja kukaa kwenye nyasi hapa, na nyinyi mabinti zangu mliovaa jezi toka saa moja asubuhi, habari zenu.

Mimi nimekuja kuongea kitu kimoja, pasi ya kwanza. Nitazunguka, nitawapeleka mpaka Thailand na Kigali, lakini mkiona nimeenda mbali mjue bado naongea hio hio pasi ya kwanza, ile mikono miwili inayopokea sevu, yaani mpira wa kuanzisha.

Ubingwa wa dunia wa voliboli ya wanawake wa 2025 ulichezwa Thailand, tarehe 22 Agosti mpaka 7 Septemba, kwenye miji minne, Bangkok, Phuket, Chiang Mai na Nakhon Ratchasima. Timu zilikuwa 32. Mwaka 2018 na 2022 zilikuwa 24, na zamani mashindano haya yalikuwa yanakuja kila baada ya miaka minne, saa hii FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, wamebadilisha yanakuja kila miaka miwili. Wazazi wangu hapo naomba mnisikilize vizuri, maana mlango umepanuliwa na pia unafunguliwa mara nyingi kuliko zamani. Yanayofuata ni 2027, Marekani na Kanada, halafu 2029, halafu 2031. Binti wa Senior 2, yaani kidato cha pili, ambaye leo ana miaka 14, ikifika 2031 atakuwa msichana mbichi kabisa mwenye nguvu zake zote. Kwa hio mtu asiniambie hii ni ndoto ya wajukuu.

Afrika tulipeleka timu tatu, Kenya, Misri na Kameruni, zile zile zilizoshika nafasi tatu za juu kwenye ubingwa wa Afrika wa 2023 kule Yaoundé. Uganda hatukuwepo. Inaniuma, nasema wazi, kwa sababu ukitoka hapa ukashika barabara ya Malaba haichukui muda umefika boda, na ng'ambo ya hio boda kuna nchi imechukua ubingwa wa Afrika mara 10. Wale mabinti wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya Kenya, wengine wametokea hapo hapo magharibi ya Kenya, wamekula posho, yaani ugali, kama hii yenu, wamekimbia kwenye udongo kama huu, bibi zao na bibi zenu wanaelewana lugha. Mungu hakuwapa mikono tofauti na yenu.

Sasa Kenya walikuwa kundi moja na Poland, Ujerumani na Vietnam, mechi zao zilikuwa Phuket. Walifungwa na Ujerumani na Poland, halafu wakawapiga Vietnam seti tatu bila. Walimaliza wa tatu, na kwenye kila kundi wanaoendelea ni wawili tu, wakarudi nyumbani. Mimi nilikaa na simu nikaangalia hizo mechi, nyingine nimezirudia, na nimezirudia kwa sababu moja, nilitaka kujua pengo liko wapi haswa. Watu wetu wakiona Wazungu warefu wanasema aa hawa ni warefu, basi mjadala umeisha. Mimi nakataa. Ukiangalia taratibu, mpira kwa mpira, Kenya wakipokea sevu vizuri wanapiga na mtu yeyote, spaiki zao, yale mapigo ya juu ya wavu, zinashuka kama za Ulaya, wanaruka vizuri sana. Shida inaanza pale mpokeaji anapocheleweshwa hatua moja, mpira unamgonga pembeni ya mkono unaruka nyuma, seta, yule mpangaji, anakimbia kuufuata mpaka karibu na benchi, na hapo mchezo umeshafungwa kabla hata mtu hajaruka.

Naomba nieleze hii kwa wazazi ambao hawajacheza. Timu ina nafasi ya kugusa mpira mara tatu. Ya kwanza unapokea, ya pili seta anapanga, ya tatu unapiga. Pasi ikimfikia seta pale karibu na wavu, katikati kuelekea kulia, seta ana watu wa kila upande, anaweza kumpa wa katikati mpira wa haraka, anaweza kutupa kushoto, anaweza kurudisha nyuma ya kichwa chake, na wale wa bloki, wanaoruka kuzuia kwenye wavu, upande wa pili hawajui waende wapi. Lakini pasi ikienda mita tano kutoka kwenye wavu, seta anabaki na uamuzi mmoja tu, kutupa mpira juu pembeni, na mpira wa juu kila mtu anauona, bloki mbili au tatu zinajipanga zinamsubiri yule msichana wetu. Halafu watu wanasema amepigwa bloki kwa sababu ni mfupi! Hapana, yeye ameletewa mpira ambao dunia nzima imeshauona.

Na sevu za huko si sevu za kujaribu jaribu. Kuna ile ya kuruka na kuzungusha, inakuja kwa nguvu lakini angalau unajua inaelekea wapi. Ile mbaya ni floti. Mpigaji anaigonga katikati na kiganja kigumu, anakata mkono hapo hapo, mpira hauzunguki kabisa, sasa usipozunguka unayumba hewani, unaona unakuja kifuani unashuka miguuni, unaona unakwenda nje unarudi ndani. Hauwezi kuupokea floti kwa mikono peke yake. Unaupokea kwa miguu, mikono inamalizia tu. Miguu lazima iwe imeshafika, magoti yamekunjwa, mabega yako mbele ya magoti, mikono imeshafungana kabla mpira haujavuka wavu, halafu unatulia. Kutulia ndo kazi ngumu kuliko zote. Msichana ambaye hajawahi kupokea floti za mtu hodari, siku ya kwanza anakutana nazo Phuket mbele ya kamera, banange, mnategemea nini?

Fainali sasa. Ilikuwa tarehe 7 Septemba Bangkok, Italia na Uturuki. Uturuki ndo ilikuwa fainali yao ya kwanza ya dunia, na wana yule Melissa Vargas, yule dada akipiga mpira unasikia sauti mpaka kwenye simu. Seti ya kwanza Italia 25-23, ya pili Uturuki wakawachapa 25-13, ya tatu Italia 26-24, ya nne Uturuki 25-19. Mbili mbili. Seti ya tano inachezwa mpaka 15 tu, na Italia wakaimaliza 15-8. Mechi ngumu namna hio halafu seti ya mwisho inaisha kirahisi vile, mtu unajiuliza kimetokea nini.

Mimi jibu langu ni libero wa Italia. Anaitwa Monica De Gennaro. Ana mita 1.74, yaani hapa hapa nawaona mabinti wanaomfikia, na siku hio alikuwa na miaka 38. Libero ni yule anayevaa jezi ya rangi tofauti, anacheza nyuma tu, haruhusiwi kupiga sevu kwenye mashindano hayo wala kwenda bloki wala kushambulia mpira ulio juu ya wavu, kwa hio kwenye karatasi ya pointi huyu mama anaweza kumaliza mechi nzima jina lake lina sifuri. Sifuri! Na alichaguliwa libero bora wa dunia. Rudieni ile seti ya tano, msifuate mpira, mwangalieni yeye peke yake. Mpigaji wa Uturuki akirusha mpira juu tu, De Gennaro ameshasogea nusu hatua. Hachezi kwa haraka, hajirushi rushi ili watu wapige makofi, mpira unamkuta ameshakaa, unatoka kwenye mikono yake unapanda polepole, unamshukia seta kichwani. Seta wao ni Alessia Orro, na yeye ndo alichukua zawadi ya mchezaji bora wa mashindano yote. Tafakarini hio kidogo. Mashindano yenye akina Vargas na Paola Egonu, wapiga mabomu, mchezaji bora anakuwa seta, na seta hawezi kuwa bora kama pasi haimfikii.

Kuna jambo lingine wengi hawalijui, kochi wa Uturuki siku hio, Daniele Santarelli, ni mume wake De Gennaro. Mume yuko benchi upande huu, mke anapokea sevu upande ule, na zile sevu mume mwenyewe ndo amezipanga. Huyo Santarelli alishachukua ubingwa wa dunia wa 2022 akiwa na Serbia. Anamjua mke wake kuliko mtu yeyote duniani na bado hakupata pa kumpitishia mpira. Hapo mimi nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Na hao akina Egonu nawataja makusudi. Paola Egonu wazazi wake ni Wanigeria. Myriam Sylla wazazi wake wametoka Ivory Coast. Hao walikuwa kwenye timu iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Paris 2024, na wakaongeza na dunia 2025. Damu yetu iko pale juu. Ila imelelewa kwenye kumbi zenye makochi wa watoto wa miaka 11, ndo tofauti.

Kuhusu urefu nimalize kabisa. Japani walimaliza wa nne Thailand, mechi ya shaba walienda na Brazil mpaka seti ya tano. Kepteni wao Mayu Ishikawa ni mita 1.74 na ni mshambuliaji, si libero. Mjapani anaishi kwa pasi. Upokeaji wake ni safi, mpira haugusi chini, unapiga mara ya kwanza anaokota, mara ya pili anaokota, mpaka wewe mrefu unachoka unapiga nje. Sasa sisi tuna vyote viwili, tuna mabinti wa kuokota na tuna warefu. Hao warefu mnawajua walipo, wako netiboli, na siwalaumu, She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza wa tano kwenye Kombe la Dunia la netiboli 2023 kule Cape Town, Peace Proscovia ametoka Arua akaenda kucheza Uingereza na Australia. Hio imenionyesha mimi kwamba msichana wa Uganda akipewa kochi, mechi na muda, anasimama na dunia. Mtu akisema hatuwezi, mimi namjibu na hao She Cranes.

Sasa wazazi, hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe.

Kila mwaka tunapoteza mabinti Senior 4. Binti amefundishwa, ameanza kuelewa floti, mguu umeanza kwenda wenyewe, halafu mitihani ikiisha hatumuoni tena. Wengine karo, hilo nalielewa, nchi ni ngumu. Wengine wameolewa mapema na hilo sitaki hata kulizungumza hapa, chairman yupo, sheria ipo. Lakini wengine wamekatazwa tu, kwamba mchezo ni wa watoto, sasa umekuwa mtu mzima kaa nyumbani. Jamani, De Gennaro alikuwa na miaka 38! Kenya wanajua siri hii toka zamani. Kule msichana akimaliza shule anachukuliwa na Kenya Prisons, au Kenya Pipeline, au benki ya KCB, anapewa kazi, anapata mshahara kama wafanyakazi wengine, na jioni anafanya mazoezi. Hizo timu tatu zote zimeshawahi kuwa mabingwa wa vilabu vya Afrika. Mzazi wa kule akiona binti wake anapokea sevu vizuri anaona kazi. Hapa kwetu pia kuna njia, si kubwa kama ile lakini ipo, kuna klabu kama KCCA na Sport-S, kuna vyuo kama Ndejje vinavyochukua wachezaji kwa basari za michezo, yaani msaada wa karo. Kocha wa chuo hajali sana umepiga spaiki ngapi siku aliyokuja kukuangalia, spaiki anaweza kukufundisha, anaangalia kama umesimama vizuri nyuma.

Kuna mzee mmoja aliniambia shida yake ni kaptula. Nikamsikiliza, nikamheshimu, maana ni binti wake. Nikamwambia mzee, mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio kuna dada wa Misri anaitwa Doaa Elghobashy alicheza voliboli ya ufukweni na hijabu yake kichwani, na mikono mirefu na suruali, na dunia nzima ilimuona. Kama ufukweni inawezekana basi kiwanja chetu hiki nacho kinawezekana, hapa binti atavaa vile nyumbani kwao wamekubaliana, mimi ninachotaka ni magoti yakunjike.

Pia kuna wale wanaosema tutafute wachezaji nje, tuwape karatasi, tushinde haraka. Hao nawakumbusha Kigali 2021. Ubingwa wa Afrika, Rwanda wenyeji, wakachezesha wachezaji waliotoka Brazil ambao ruhusa zao hazikuwa sawa. Malalamiko yakapelekwa, mashindano yakasimamishwa, na mwisho wenyeji wakaondolewa kwenye mashindano yao wenyewe, kombe likaenda Kameruni. Sisemi haya kuwacheka majirani zetu, wale mabinti wa Rwanda walilia na mimi niliwahurumia, walikuwa wamefanya mazoezi kwa jasho lao wenyewe. Ninachosema, mchezaji anayepokea sevu vizuri hawezi kununuliwa wiki ya mashindano. Analelewa.

Hata Kenya wenyewe bado wanatafuta. Wameenda Olimpiki mara nne, Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris, na hawajashinda mechi hata moja. Mara nne! Wangekuwa watu wa kukata tamaa wangeshaacha. Kuelekea Tokyo walipata makochi kutoka Brazil kwa msaada wa FIVB, akiwemo Luizomar de Moura, na mkiangalia timu ya kabla na ya baada mnaona kabisa upokeaji ulibadilika, hata kama matokeo hayakubadilika haraka. Mimi naamini ile 3-0 ya Vietnam imetoka huko, kwenye mazoezi ya miaka minne nyuma ambayo hakuna aliyeyapigia picha. Vietnam si timu ya mchezo, wana uzoefu mkubwa wa Asia, na Kenya waliwapokea sevu vizuri siku ile, mpira ulikuwa unafika kwa seta, na seta akaanza kucheka. Niliona ile cheko kwenye simu, nikajua mechi imeisha.

Kwa hio kambi hii itakuwa hivi, na mabinti najua hamtaifurahia mwanzoni. Hakuna spaiki wiki ya kwanza. Kila mtu anakuja kupiga, mimi najua, kupiga ni raha, wavulana wanakuja kuangalia. Wiki ya kwanza ni miguu na pasi. Mtagawanyika watatu watatu, mmoja anapiga sevu, mmoja anapokea, mmoja anasimama alipo seta na mikono juu, na asipopata mpira bila kusogea zaidi ya hatua moja, hio pasi haihesabiwi. Wale wakubwa mtapiga floti, nitawafundisha, na mtawapigia wadogo kwa nguvu zenu zote, msiwahurumie, maana ukimhurumia leo Mjerumani hatamhurumia kesho. Udongo wetu una vijiwe, leo asubuhi vijana wa bodaboda walitusaidia kufagia na nawashukuru sana. Wavu umefungwa kwenye nguzo za mkalitusi, na kwenye kila nguzo nimepiga mstari wa mkaa kwenye mita 2.24. Hicho ndo kipimo cha wanawake, ndo kile cha Bangkok, sio sentimita moja pungufu. Kamba ikilegea msicheze, vuteni kwanza, pimeni, halafu mwendelee. Sitaki binti wa Tororo afike Lugogo kule Kampala kwenye ukumbi akashangae wavu uko juu.

Mipira tunayo michache na mingine imechubuka. Mpira uliochubuka hauyumbi vile unavyotakiwa, hauwezi kufundishia floti, kwa hio mzazi au mfanyabiashara yeyote wa hapa mjini mwenye uwezo wa mpira mmoja, mmoja tu, namba yangu anayo chairman. Magodoro ya magoti pia, yale ya kuvaa, ila hayo tunaweza kuyashona kwa sponji na soksi kuukuu, na mama mmoja pale nyuma ameshajitolea na cherehani yake, mama asante sana, Mungu akubariki.

Wazazi wa mabinti wa Senior 4 naomba mbaki, nina fomu za basari za vyuo viwili na nataka tuzijaze pamoja leo leo, msiziweke mfukoni kwenda nazo nyumbani. Mabinti, kunyweni maji kwanza. Senior 1 na 2 waje upande wa kivuli na madam, wakubwa mnifuate mimi kwenye mstari wa nyuma, mipira iko kwenye gunia chini ya mwembe.